Tabo ya Bei Poa Kwenye Safari ya Posa

Nimeumbuka, jamani. Mchana kweupe, ukweni, nikiwa nimevaa kanzu mpya.

Natoa mwenyewe habari hii kabla hamjaipata kwa watu wa Kerege, maana huko imeshaongezwa chumvi na pilipili. Saa hizi kuna mtu amenipigia kunipa pole ya nyumba kuungua. (Sina nyumba. Na hilo ndilo lililoniponza, mtaona.)

Kwa wasionijua: mimi naitwa Idrisa, natengeneza simu hapa Bagamoyo, nina chumba cha kupanga na gari dogo jeupe, yale mnayoyaita bebi woka. Nalipenda gari langu. Tatizo lake moja tu: halina nguvu. Ukiwasha feni linapunguza mwendo. Ukipakia watu wanne, kila kilima unakipanda kwa dua.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa natoka Dar, nikafika kwenye mwinuko wa Mapinga, nimekanyaga mafuta mpaka mguu unauma. Bajaji ikanipita. Si bajaji tupu. Ilikuwa imebeba kitanda, na juu ya kitanda amekaa mwenye kitanda, anakula hindi la kuchoma. Akanitazama. Hakucheka, aliniangalia tu kwa huruma, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa.

Siku ile ile nikaanza kutazama video za tabo.

Tabo, kwa asiyeijua, ni kidude cha chuma chenye umbo la konokono. Moshi wa ekzosi unakizungusha, nacho kinashindilia hewa kwenye injini. Hewa ikiwa nyingi, moto unakuwa mkali, na gari linakimbia. Kuna magari yanazaliwa nayo. Langu halikuzaliwa nayo. Mtu mwenye akili timamu angeuza gari akanunua lenye tabo. Mimi nikaamua kuipachika. Tena kwa bei poa.

Nikaenda kwa Fundi Kibwana, ana gereji pale Magomeni yetu ya Bagamoyo. Ni fundi mzuri, ila ana udhaifu mmoja: hawezi kumwambia mteja hapana. Akanieleza kwamba inawezekana, lakini kuna vitu vinatakiwa, na akaanza kuvitaja. Kila alichotaja nikamuuliza kama hakuna njia nyingine. Anakuna kichwa, anatazama chini, anasema ipo. Tabo yenyewe tukaipata Lugoba, kwa watu wanaouza vyuma vya magari yaliyopata ajali barabara kuu. Imetoka kwenye lori dogo. Ilikuwa kubwa kama sufuria ya wali wa watu sita. Boneti ilifungwa kwa kukaliwa. Kiungo cha ekzosi tulichomelea kwa vipande vya bomba la chuma la maji. Kile kimpira cha kurudisha oili kwenye injini kilikuwa chembamba kuliko inavyotakiwa, na Fundi Kibwana alilisema hilo mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa naangalia simu.

Likabaki bomba la hewa, linalotoka kwenye tabo kuingia kwenye injini. Lile la kweli ni la alumini, na viungo vyake ni vya mpira mzito. Nikamuuliza swali langu la kawaida. Siku hiyo alikuna kichwa kwa mikono miwili. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeisaliti dhamiri yake, kwamba bomba la plastiki la inchi mbili linaweza kushika. Kwa muda.

Mabomba ya plastiki yamejaa Bagamoyo. Lakini mimi nikaenda kuyatafuta Kerege. Kwa nini Kerege? Kwa sababu Kerege kuna duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Seif, na kwenye duka hilo anakaa binti yake, Zuhura.

Mimi na Zuhura tuna mwaka wa pili sasa tunaelewana. Baba yake alikuwa anajua, na mimi nilijua kwamba anajua, na sote wawili tulikuwa tunajifanya hatujui. Mzee Seif ni Mwarabu wa zamani wa pwani hii, mtaratibu, mpole, lakini ana kauli yake moja inayojulikana Kerege nzima: mwanamume anapimwa kwa msingi. Anamaanisha msingi wa nyumba. Hana maana nyingine iliyofichika. Wachumba wawili walishakuja kabla yangu, wakaulizwa msingi uko wapi, wakaondoka na soda zao hawajamaliza.

Basi nikaingia dukani. Zuhura hayupo. Yupo baba mtu peke yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikasema nataka bomba la inchi mbili.

"La choo au la jikoni?" akaniuliza.

Jamani, angeniuliza la nini, ningemwambia la gari. Lakini hakuniuliza hivyo. Alinipa mambo mawili nichague. Mdomo ukachagua kabla yangu.

"La choo," nikasema.

Akavua miwani. Akaniuliza choo cha nje au cha ndani. Nikasema cha ndani. (Nilipofika hapo, kurudi nyuma kukawa kugumu kuliko kwenda mbele.) Akanitazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu anifahamu. Akasema vijana wa siku hizi wakipata chochote wananunua viatu na simu, kumbe wapo bado wanaoanza na vya msingi. Akasema mashallah. Akanikatia bomba kwa mkono wake mwenyewe, vipande vitatu kama nilivyoomba, akachukua kalamu nene nyeusi na kuandika ubavuni jina langu na kazi ya bomba. Ndiyo kawaida yake: kila mzigo wa mteja anauandika ili usichanganywe na wa mwingine.

Hazikupita wiki mbili, Zuhura akanipigia. Baba yake amesema niwatume wazee.

Nilifurahi mpaka nikampa mteja simu isiyo yake. Lakini usiku usingizi ukawa wa mang'amung'amu, kwa sababu nilijua mlango ule nimefunguliwa na choo. Choo chenyewe hakipo. Nilichonacho ni kiwanja Zinga, chenye lundo moja la mchanga, na juu ya lundo wanalala mbuzi wa jirani. Nilitaka kumwambia Mzee Seif ukweli, wallahi. Nilipanga nimwambie siku tatu tofauti. Kila siku ilipofika ikawa na udhuru wake.

Sasa tuje leo.

Leo ndiyo siku ya kupeleka barua ya posa. Mnajua desturi: muoaji haendi. Wanaenda wazee, wanapokewa, wanasema maneno yao ya mafumbo, wanaacha barua, wanarudi. Kwangu mimi wazee ni wawili. Mjomba wangu Rajabu, ndiye mshenga, mtu anayepima kila neno kama dawa. Na Shangazi Tatu, ambaye hapimi kitu.

Mjomba alishauri tukodi gari. Nikasema ya nini kukodi na gari lipo, tena limetoka gereji jana, lina nguvu mpya. Nikawaahidi kwamba nitawashusha kwenye kona, watembee hatua chache mpaka kwa Mzee Seif, mimi nijifiche barabarani mpaka wamalize. Mjomba akaliangalia gari. Akauliza hiyo nguvu mpya imetoka wapi. Nikamweleza habari ya tabo.

"Tabo au taabu?" akauliza Shangazi Tatu, akaingia nyuma na kujifunga mkanda.

Niwaambie ukweli, Fundi Kibwana alinionya. Aliniambia nisikanyage mafuta zaidi ya nusu, na nikiona moshi nisimame hapo hapo. Alinishika mkono wakati ananiambia. Tulilijaribu jana, tukazunguka mitaa michache ya Bagamoyo, likawa zuri, linafanya fsssss kama nyoka aliyekanyagwa. Kwa hiyo leo nilitoka na nia njema kabisa. Mpaka Kiromo nilikuwa naendesha kama nimebeba mayai.

Kiromo tukakuta lori la kokoto mbele yetu, linatembea kama linatafuta kitu kilichoanguka. Mjomba akasema subira. Barabara mbele ilikuwa tupu, nyeupe. Nikaangalia kioo. Nikatoka kulia. Nikakanyaga.

Kwanza hakuna kitu. Halafu bado hakuna kitu. Lori na sisi tukawa sambamba kama maharusi, dereva ananitazama. Halafu konokono akaamka.

Sijawahi kusukumwa hivyo. Kofia ya Mjomba ilimvuka kichwa ikaenda kumdondokea Shangazi mapajani. Lori likabaki nyuma likawa dogo. Mjomba alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, midomo inacheza, nadhani alikuwa amefika kwenye shahada. Mimi nikapunguza mwendo haraka, nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi.

Kutoka nyuma Shangazi Tatu akasema, "Rudia."

(Nawaomba mliweke hilo akilini mkitaka kugawa lawama.)

Nikarudia. Nikarudia mara nne kati ya Kiromo na Zinga, na kila mara Shangazi alikuwa anatafuta gari la kupita kabla yangu, ananionyesha kwa kidole. Mjomba aliniamuru niache. Nikamwitikia ndiyo Mjomba, na mguu nao ukamwitikia Shangazi. Kwa dakika zile, wenzangu, hakukuwa na mwanamume mwenye raha kuliko mimi kutoka Saadani mpaka Bunju.

Tulipokaribia Kerege nikasikia harufu. Kama mtu anachoma ndala. Nikadhani ni watu wa kando ya barabara wanachoma taka. Shangazi akasema ni sisi. Nikasema si sisi. Sikumaliza kusema, pakalia PWAA ndani ya boneti, kama puto la harusi, na gari likaishiwa nguvu zote. Zile za tabo zikaondoka, na zile chache lilizozaliwa nazo zikafuata.

Halafu moshi. Oili ilikuwa imeshindwa kurudi kwa ule mpira mwembamba (Fundi Kibwana, nisamehe), ikaenda kuungua kwenye ekzosi. Nyuma yetu hakukuonekana barabara. Moshi mwingine ukapitia kwenye matundu ya feni, ukaingia ndani na kutusalimia mmoja mmoja. Shangazi alivaa baibui jeusi, akapona. Mjomba alitoka Bagamoyo na kanzu nyeupe inayoumiza macho. Palepale nikaiona inageuka rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa ameikumbatia barua ya posa kifuani kama mtoto mchanga.

Injini ikazima. Tukasimama kando ya lami, hatua kama mia mbili kabla ya kona niliyopanga kuwashusha.

Hapo bado mambo yalikuwa yanarekebishika. Wazee wangeshuka, wangejikung'uta, wangetembea. Lakini watu wa Kerege wana moyo mzuri, na moyo mzuri ndio ulionimaliza. Madereva wa bodaboda wa kijiwe cha pale walitoka mbio, sita au saba, wakafikiri tunaungua. Walipoona hatuungui wakataka kusaidia. Mmoja akauliza tunaelekea wapi. Kabla sijafungua kinywa, Shangazi Tatu akatoa kichwa dirishani akasema tunakwenda kwa Mzee Seif, tumeleta posa ya kijana huyu.

Basi ikawa sherehe. Nikawaambia asanteni, hapa panatosha. Wakasema haiwezekani, mzee mshenga atembee juani na kanzu yake? Nikamwomba Mjomba ashuke. Mjomba naye akakataa. Akasema yeye katumwa kwa heshima na atafika kwa heshima, amekaa. Akanyoosha mgongo, akaweka barua mapajani, akatazama mbele.

Wakaanza kusukuma.

Wakasukuma kwa nguvu kuliko tabo. Tukapita kona niliyopanga kujificha. Nikakanyaga breki, lakini breki ya gari lililozima ni ngumu kama kukanyaga ukuta. Na njia ya kwa Mzee Seif inateremka kidogo. Mnaijua. Wale wa bodaboda walipoona gari linakwenda lenyewe, wakaliacha, wakawa wanakimbia pembeni wanapiga vigelegele vya kiume. Geti lilikuwa wazi kwa ajili ya wageni (nyumba na duka viko ua mmoja). Tukaingia. Baraza imetandikwa majamvi, wazee wa upande wa pili wamekaa mstari mmoja, vilemba na bakora, wanasubiri watu waje kwa mafumbo na taratibu. Bebi woka ikawapitia mbele, ikitoa moshi, Mjomba ndani yake kasimamisha shingo kama mwenge, ikaenda kusimama ilipokuta lundo la mchanga wa kuuza.

Mjomba akashuka. Akasema, "Assalamu alaykum."

Wakaitikia wote. Walikuwa na adabu, lazima niseme.

Muoaji anayetakiwa asionekane alikuwa nyuma ya usukani, amevaa kanzu mpya. (Kanzu nilivaa ya nini kama nilikuwa nijifiche? Hilo Mjomba ameniuliza njia nzima wakati wa kurudi.)

Nikadhani nitabaki ndani ya gari, niiname, pengine watanisahau. Lakini Mzee Seif aliona moshi unatoka kwenye boneti, na yeye ni mtu wa vitendo. Alikuja na ndoo ya mchanga, akaniambia fungua boneti kabla haijashika moto. Nikamwambia hapana haja, baba, imeshapoa. Moshi ukatoka mzito zaidi, kama vile umenisikia. Akarudia, safari hii bila kuniita mwanangu. Nikashuka. Nikafungua.

Bomba lilikuwa limelainika kwa joto, likachomoka kwenye tabo, likajikunja likasimama wima katikati ya injini. Na ule upande wenye maandishi ulikuwa umegeuka juu, kuelekea barazani. Kila kitu mle ndani kilikuwa cheusi kwa masizi na oili. Maandishi peke yake yalikuwa masafi.

IDRISA – CHOO.

Mzee Seif akaweka ndoo chini. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akasogea. Akasoma. Akasoma tena. Wale wa bodaboda nao wakasogea wakasoma.

"Idrisa," akasema.

"Naam, baba."

"Huu ni mwandiko wangu."

"Ndiyo, baba."

Akatazama injini kwa muda, kama mtu anayeitafuta nyumba mle ndani aione ilipo.

Ningeweza kuvumilia hapo. Kulikuwa kimya, na kimya kinavumilika. Lakini kwenye kiti kule barazani alikuwa amekaa bibi yake Zuhura, mama mzazi wa Mzee Seif, kikongwe mwenye heshima zake, na masikio yake yamechoka. Akauliza kuna nini, mbona watu wamekusanyika, kimeandikwa nini kwenye gari la mgeni. Mtu mmoja akamjibu kwa sauti ya chini. Hakusikia. Akauliza tena. Ikabidi aambiwe kwa sauti, na aliyemwambia ana kifua kipana:

"Choo, Bibi! Pameandikwa choo!"

Bibi akatikisa kichwa kwa kuelewa. "Basi mwonyesheni," akasema. "Si mgeni huyo? Msimweke juani mtu kabanwa."

Sikumbuki nani alianza. Nadhani ni wale wa bodaboda. Lakini ilipofika kwa Shangazi Tatu haikuzuilika tena. Alikaa chini palepale kwenye mchanga, baibui na yote. Wazee wa upande wa pili walijitahidi. Niliwaona wanajitahidi. Mmoja alikuwa anauma ncha ya kilemba chake. Kwenye dirisha pazia likacheza, nikamwona Zuhura kajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mzee Seif peke yake hakucheka. Nikaona hapa hakuna tena pa kuficha. Nikamwambia mbele ya wote kwamba sijengi. Kwamba bomba lilikuwa la gari tangu mwanzo. Kwamba nina kiwanja, kina mchanga, hakina hata tofali, na kwamba alipoanza kunisifu siku ile nilishindwa kumkatisha, kwa sababu hakuwahi kunisifu kabla ya hapo. Vicheko vikapungua.

Mzee Seif akamgeukia Mjomba, akamkaribisha ndani yeye na Shangazi, kana kwamba mimi ni sehemu ya gari. Wakaingia. Mimi nikakaa juu ya mifuko ya saruji, nje, pamoja na wale wa bodaboda, ambao mmoja wao alininunulia maji. Mjomba alikuwa ameandaa hotuba nzuri, alinisomea jana, na katikati ya hotuba ile kulikuwa na maneno "kijana wetu anajenga." Nilikuwa najiuliza ataruka vipi pale. Baadaye akaniambia hakuruka. Alisema: "Kijana wetu ana kiwanja na ana aibu. Vyote viwili vinajengeka."

Wakakaa ndani muda mrefu. Mara mbili nikasikia kicheko cha Bibi, na mara zote mbili kilianza baada ya wengine kunyamaza, kwa hiyo nadhani alikuwa anaelezwa upya.

Alipotoka, Mzee Seif alikuja moja kwa moja nilipo. Nikasimama. Akaniambia barua ameipokea, na jibu lake litakwenda kwa mjomba wangu kwa taratibu zake, wala nisiulize ulize. Kisha akasema kuna jibu jingine ananipa mimi, sasa hivi.

"Mwongo simpi binti," akasema. "Lakini wewe uongo wako umekuleta mwenyewe mpaka kwenye baraza yangu, unatoa moshi. Sidhani kama una hamu ya kusema mwingine."

Nikamwambia sina, baba.

"Basi sikiliza. Binti yangu hawezi kuoga kwenye boneti. Jumamosi nitakuja Zinga kukiona hicho kiwanja. Nikute msingi umechimbwa. Sijasema nyumba, nimesema msingi. Na uuchimbe kwa mkono wako, ule ule uliokuwa unakanyagia mafuta."

Nikasema mafuta yanakanyagwa kwa mguu. (Sijui kwa nini nilisema. Shangazi aliniangalia kama mtu anayeona jengo linaanguka.)

Hapo ndipo Mzee Seif alipocheka. Alianza puani, akajizuia, akashindwa, akanigeuzia mgongo akaenda zake dukani huku mabega yake yakitikisika sawasawa na ya binti yake.

Tumerudi Bagamoyo kwa gari la kukodi. Mjomba amekaa mbele na kanzu yake ya chai, hasemi na mimi ila kuniuliza habari ya kanzu yangu. Shangazi amekaa nyuma, anamwelekeza dereva magari ya kuyapita. Gari langu limebaki kwa Mzee Seif, kando ya lundo la mchanga, na Fundi Kibwana amesema ataliendea kesho kutwa, tabo itoke, lirudi lilivyozaliwa. Kwa hiyo mpaka ninavyoandika, gari langu limehamia ukweni kabla yangu.

Magharibi imeingia sasa hivi. Zuhura amenitumia ujumbe mmoja tu mchana kutwa. Anasema Bibi hajacheka hivyo tangu babu alipofariki, na anauliza yule kijana wa choo atarudi lini.

Nimesoma ujumbe huo mara nyingi kuliko Mzee Seif alivyosoma bomba.

Basi ndiyo hivyo. Kucheka mnaruhusiwa mpaka Ijumaa. Jumamosi nitakuwa Zinga shimoni na sululu, na mkwe amesimama juu yangu anapima kwa bakora. Mkipita, nipigieni honi ya heshima, na asiwepo hata mmoja wa kuniuliza kama nachimba choo.